Dawa imepita utumboni, bakteria wamebaki kwenye tezi

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina watoto wa nguruwe 38 niliowaachisha kunyonya wakiwa na siku 24. Siku ya tano wakaanza kuhara. Nilichanganya antibiotiki ya unga kwenye maji yao kwa siku tano, kinyesi kikakauka, nikafurahi. Siku 12 baadaye wameanza tena, na safari hii wawili wamekufa. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja mbele yangu, akanionyesha vivimbe vimejipanga kama shanga kwenye utando unaoshikilia matumbo. Akasema ni tezi za limfu na kwamba bakteria wamo mle. Maabara wameotesha salmonela, bakteria wa kuharisha, kutoka humo. Nina maswali matatu. Dawa yangu haikufika kwenye tezi? Ni kweli kwamba dawa hiyohiyo inaua na bakteria wazuri wa tumbo? Na je, nirudie dozi?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa hao wawili. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo la leo. Usirudie dawa ileile kwa kundi zima kabla maabara hawajakwambia salmonela wako anauawa na dawa gani. Wameshamwotesha, kwa hiyo kumjaribu kwa dawa mbalimbali ni kazi ya siku moja au mbili zaidi, waombe waifanye. Walio hoi, yaani waliojikunyata pembeni, wenye homa, wasiogusa chakula, hao hawasubiri majibu. Watenge, watibiwe leo kwa sindano, na dawa aichague daktari aliyempasua mwenzao, kwa sababu yeye ameona na mimi nimesoma tu. Wanaohara lakini bado wanakula na kusukumana, wape maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini na mahali pakavu penye joto.

Sasa tuyarudie maswali yako mawili ya kwanza. Mimi nayaona kama swali moja. Dawa uliyoweka kwenye maji ilipita utumboni kama mtu anayefyeka shamba bila kutenganisha mmea na gugu, na mbegu ya gugu ikabaki ghalani. Shamba likiwa tupu na mbegu ikiwa salama, siku 12 zinatosha gugu kuota tena.

Gramu moja tu ya vilivyomo kwenye utumbo mpana wa nguruwe ina bakteria bilioni 10 hadi bilioni 100, wakati mwingine zaidi. Kwenye mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba ni wachache mno kwa sababu ya asidi, nyongo na mwendo wa kasi wa chakula. Huongezeka kadiri unavyoteremka. Wengi wa hao wa chini hawawezi kuishi penye oksijeni. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo nguruwe mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, na taka zao ni asidi nyepesi, mojawapo ikiitwa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinaila butireti hiyo, na zikiila zinatumia oksijeni nyingi, hivyo ndani ya utumbo oksijeni haibaki. Shika jambo hili la oksijeni, nitalirudia.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa utumbo wake ukiwa karibu mtupu. Saa chache baadaye wanaingia wa kwanza, E. coli na streptokoka, kutoka kwenye njia ya uzazi ya mama, chuchu, sakafu na kinyesi chake. Hao wanaimaliza oksijeni na kuwatayarishia mahali wasioipenda. Kisha maziwa yanachagua nani akae: bakteria waitwao laktobasili wananeemeka, na kingamwili za IgA za mama zinawashika wakorofi kila mara mtoto anaponyonya. Nguruwe, tofauti na binadamu, hapati kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma. Anategemea dang'a ya siku ile ya kwanza, na baadaye maziwa ya kila saa.

Halafu siku ya 24 unamwachisha. Kingamwili zinakatika siku hiyohiyo. Vidole vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba vinafupika ndani ya siku chache, hasa mtoto akigoma kula. Chakula kigumu kinaingia, na bakteria wanaokiweza, wa jamii ya prevotela, bado hawajawa wengi. Huhitaji salmonela ili kupata matatizo wiki hiyo, E. coli wa kuharisha wenyewe hutosha. Na ndani ya wiki hiyohiyo wewe ukaweka dawa kwenye maji. Sikulaumu, nami ningetaka kufanya kitu nikiona zizi limelowa mavi ya maji. Nakueleza tu dawa yako ilikuta hali gani.

Neno antibiotiki linaficha mambo mengi. Kolistini na neomaisini zikipita mdomoni karibu hazitoki utumboni kabisa: zinawapiga bakteria wa mle ndani kwa nguvu, lakini damuni na kwenye tezi hazifiki kwa kiasi cha maana. Oksitetrasaiklini na klorotetrasaiklini hufyonzwa kidogo, na kalsiamu ya kwenye chakula huzinasa zisifyonzwe hata hicho kidogo. Sehemu kubwa inateremka hadi utumbo mpana, palipo na bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini. Amoksisilini hufyonzwa kwa sehemu. Hata sindano haikwepi utumbo, kwa kuwa dawa kadhaa, enrofloksasini mojawapo, hutolewa kupitia nyongo na kumwagikia huko. Hukuniandikia jina la unga wako. Soma kopo, kisha mwambie daktari wako, kwa sababu jibu la "dawa haikufika?" linaanzia kwenye jina hilo. Kama ni moja ya zile mbili za kwanza, jibu ni fupi: haikufika, na isingeweza kufika.

Kuna sababu nyingine ya kutofika ambayo haina sayansi nyingi. Dawa ya kwenye maji hunywewa na mwenye kiu na nguvu. Mtoto mgonjwa kweli amelala. Aliye mzima ndiye anayebugia dozi ya wawili. Ukipima maji yaliyopungua kwenye tangi unaona kundi limekunywa sawasawa, kumbe wagonjwa wamelambalamba tu. Hao ndio wanaobaki na salmonela waliojeruhiwa bila kufa.

Tuje kwa bakteria wazuri. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2012 waliwapa nguruwe chakula chenye mchanganyiko wa klorotetrasaiklini, sulfametazini na penisilini, wakawalinganisha na wenzao wasiopewa kitu. Kundi la proteobakteria, ambamo E. coli na salmonela wamo, lilipanda kutoka kama asilimia 1 hadi 11, na waliolipandisha hasa ni E. coli. Jeni za usugu, yaani zinazowawezesha bakteria kustahimili dawa, nazo ziliongezeka, zikiwemo za dawa ambazo nguruwe hao hawakupewa kamwe. Ukiyasoma matokeo haya juujuu utashangaa: dawa imekusudiwa kuua vijidudu, mbona hawa wameongezeka? Jibu liko kwenye ile oksijeni. Wachachushaji wa butireti wengi hawana ulinzi dhidi ya dawa hizi. Wakifa, seli za ukuta zinakosa chakula chao cha kawaida na zinaacha kuitumia oksijeni kama zamani. Oksijeni inavuja ndani ya utumbo, na wanaojua kuitumia ni E. coli na salmonela. Sukari ambazo wale wengine wangezila nazo zimebaki bure. Hapo mwenye usugu kidogo tu anapata meza yake peke yake. (Mnyororo huu wa butireti na oksijeni umefuatiliwa kwa undani zaidi kwenye panya kuliko kwenye nguruwe, lakini ninachokiona kwa nguruwe kinaendana nao.)

Kuna jaribio la zamani ambalo huwa siachi kulisimulia kwa wanafunzi. Mwaka 1954 Bohnhoff na wenzake walionyesha kwamba panya wa kawaida alihitaji kumezeshwa salmonela kama 100,000 ndipo ashikwe na ugonjwa. Walipompa streptomaisini kwanza, chini ya 10 walitosha. Panya ni yuleyule na salmonela ni yuleyule. Kilichoondoka ni majirani waliokuwa wanamzuia asipate mahali pa kukaa. Kwa hiyo kama sakafu ya zizi lako bado ilikuwa na kinyesi cha wiki ile ya kwanza, baada ya siku tano za dawa watoto wako walikuwa rahisi kuambukizwa upya kuliko siku ya kwanza walipohara.

Basi turudi kwenye zile shanga. Siku nyingine ukiwepo wakati wa kupasua, mwombe daktari autandaze utumbo mwembamba mezani kama shati. Utaona utando mwembamba unaopitisha mwanga, na katikati yake safu ya tezi zimefuatana na mishipa ya damu. Kwa mtoto mzima huwa za rangi ya maziwa iliyochanganyika na waridi hafifu, laini, na ukizikata uso wake unang'aa kidogo bila kutiririsha maji. Kwa mwenye salmonela zimevimba mara mbili au tatu, zimelowa, zina madoa mekundu, na kisu kikipita maji yanachuruzika. Angalia hasa ile iliyo kwenye kona ambapo utumbo mwembamba unaungana na mpana, kwa sababu mwisho wa utumbo mwembamba ndipo salmonela anapopenda kuingilia. Huko kuna ukanda mrefu wa tishu za kinga, kwa nguruwe mdogo huweza kufika mita 2, wenye seli maalumu ambazo kazi yake ni kuchukua vitu kutoka ndani ya utumbo na kuvipeleka kwa kinga ili vikaguliwe. Salmonela hutumia mlango huo wa ukaguzi kuingia.

Mahali hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi huchanganya. Kukuta bakteria kwenye tezi ya utumbo si lazima iwe ugonjwa. Tezi hizo ndizo lango. Mwaka 2004 Macpherson na Uhr walionyesha kwenye panya kwamba seli za kinga hubeba bakteria hai wa kawaida kutoka utumboni, zikawafikisha kwenye tezi za utando wa matumbo, na hawakuvuka hapo. Katika tezi mwili unajifunza: unaona nani anakaa utumboni, unatengeneza IgA ya kumdhibiti, kisha seli zinarudi kwenye ukuta wa utumbo kuimwaga. Kwa hiyo tezi yenye bakteria wachache wanaouawa taratibu ni tezi iliyo kazini. Mtoto aliyekuzwa bila bakteria wowote huwa na tezi ndogo zilizopooza, hazijapata somo.

Antibiotiki zinaingilia kazi hiyo kwa njia zinazokinzana, ndiyo maana utasikia wataalamu wawili wakisema mambo mawili tofauti na wote wawe sawa. Siku za mwanzo za dawa, bakteria utumboni wakipungua, wanaofika kwenye tezi nao hupungua. Ukipasua nguruwe siku ya tatu unaweza kukuta tezi safi kuliko kawaida. Lakini wale sugu wakishachukua nafasi utumboni, wanaofika kwenye tezi ni wao, tena kwa wingi. Berg alionyesha jambo hili kwenye panya mwaka 1981: baada ya kupewa penisilini, klindamaisini au metronidazoli kwa mdomo, bakteria wa jamii ya E. coli walifurika utumboni, na baadaye wakapatikana kwenye tezi za utando wa matumbo. Hakukuwa na kidonda utumboni. Wingi wao tu ulitosha. Mwenyewe huwa nauliza swali la tarehe kabla ya swali la matokeo. Mtu akiniambia "tezi zilikuwa safi baada ya dawa", namuuliza baada ya siku ngapi.

Salmonela ana ujanja wa ziada. Akifika kwenye tezi anamezwa na seli kubwa zinazokula vijidudu, na badala ya kusagwa anajitengenezea chumba ndani yake na kukaa. Mle ndani amoksisilini na jamaa zake haziingii kwa kiasi cha kutosha. Neomaisini na jentamaisini hali kadhalika. Tetrasaiklini na enrofloksasini zinaingia ndani ya seli vizuri zaidi, lakini hata hizo zinakutana na tatizo la pili: salmonela wengine mle wamelala, hawagawanyiki, na dawa nyingi zinafanya kazi kwa kuvuruga bakteria anayekua. Aliyelala anasubiri dawa iishe. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza nakujibu hivi: hata dawa inayofika kwenye tezi inaweza isimfikie salmonela aliyemo, au imfikie isimfanye kitu. Mtoto anapona kuhara, anakula, ananenepa, na bado ni mbebaji. Siku ukimpakia kwenye gari, msukosuko wa safari na njaa unamwamsha salmonela, na kinyesi cha nguruwe anayeonekana mzima kabisa kinaanza kumtoa.

Hili si jambo la nadra. Ulaya walipopima tezi za kona ile ya utumbo kwa nguruwe waliochinjwa kati ya 2006 na 2007, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na salmonela. Wale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamefika machinjioni kwa miguu yao. Tonsili zina tabia hiyohiyo kwa kijidudu kingine, streptokoka wa nguruwe anayesababisha homa ya uti wa mgongo: unaweza kumchoma nguruwe penisilini akapona kabisa, streptokoka akabaki kwenye tonsili zake.

Nitoke kidogo nje ya mada. Tezi ya limfu ya nguruwe imegeuzwa ndani nje ikilinganishwa na ya ng'ombe au ya mtu. Vituo ambamo seli za kinga huzaliana, ambavyo kwa wanyama wengi viko pembezoni, kwake viko katikati, na seli nyingi hutoka kupitia damu badala ya mshipa wa limfu. Kwa matibabu yako haibadilishi kitu, lakini ukimwona mwanafunzi wa mifugo ameduwaa mbele ya hadubini akidhani ameshika slaidi ya mnyama mwingine, utajua kwa nini.

Kuna tahadhari moja ambayo inabadilisha matibabu kabisa. Tezi zikiwa nyeusi-nyekundu kama bonge la damu iliyoganda, hasa zile za karibu na figo, ini na tumbo, na bandama ikiwa imevimba na kuwa nyeusi, acha kabisa kufikiria antibiotiki. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi, na hakuna dawa itakayoigusa. Usihamishe mnyama, usigawe nyama, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo siku hiyohiyo. Kwa maelezo uliyonipa, yaani kuhara baada ya kuachishwa na salmonela kuoteshwa, sidhani ndiyo hiyo. Nakutajia kwa sababu utapasua tena siku nyingine.

Kuhusu kuamini jibu la maabara, nikuungamie kosa langu. Miaka ya mwanzo nilikata tezi kwa kisu kilekile nilichofungulia utumbo. Maabara wakarudisha E. coli wa kila aina, nikaandika ripoti ndefu juu ya bakteria waliovuja kuingia kwenye tezi. Walikuwa wa kisu changu. Tangu siku ile tezi naziondoa kwanza, kabla utumbo haujafunguliwa, nachoma uso wa nje kwa chuma cha moto, halafu nakata katikati kwa kisu kipya na kuchukua sampuli ndani. Anayepima kwa vinasaba badala ya kuotesha awe mwangalifu mara mbili, kwa kuwa tezi ina bakteria wachache sana na kipimo hicho kitasoma hata mabaki ya DNA yaliyomo kwenye kemikali za maabara, na hakitakwambia kama aliyesomwa yu hai au amekufa. Salmonela wako ameoteshwa, kwa hiyo yu hai. Hilo halina ubishi.

Usugu nao una njia zake. Ndani ya utumbo bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyoazimana chumvi, na dawa yenyewe huongeza kasi ya kuazimana: tetrasaiklini kidogo, chini ya kipimo cha kuua, huchochea baadhi ya bakteria wa utumboni waitwao bakteroide kuhamisha jeni za usugu wa tetrasaiklini hiyohiyo, na dawa nyingine za kwenye chakula huamsha virusi vya bakteria vilivyolala, ambavyo vikitoka hubeba vipande vya jeni kwenda kwa wengine. Jeni ya mcr-1, inayofanya kolistini isifanye kazi, iliripotiwa mwishoni mwa 2015 baada ya kugunduliwa China kwenye E. coli wa nguruwe, ikiwa juu ya plasmidi, yaani kipande cha DNA cha duara kinachohama kutoka bakteria hadi bakteria. Kolistini ni dawa ambayo mahospitali huiweka akiba kwa wagonjwa wasiosikia kitu kingine, kwa hiyo kuimwaga kwenye maji ya nguruwe wanaohara kwa sababu ya kubadilishiwa chakula mimi naona ni ufujaji. Nasema hivyo hata kwa madaktari wenzangu, na si wote wanaofurahi.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukiogopa dawa. Salmonela aliyeingia damuni anaua, na mtoto wa nguruwe mwenye homa na masikio yaliyobadilika rangi kuwa ya zambarau anahitaji antibiotiki sahihi, dozi kamili kwa uzito wake, haraka. Hasara ya bakteria wazuri katika hali hiyo inakubalika. Nguruwe mkubwa hurudisha sehemu kubwa ya bakteria wake ndani ya wiki chache. Wadogo ndio wanaonitia wasiwasi. Kuna wafugaji wanaomchoma kila mtoto anayezaliwa sindano ya amoksisilini ya muda mrefu "kumkinga". Utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba sindano moja ya namna hiyo, siku moja baada ya kuzaliwa, iliacha utumbo ukiwa na aina chache za bakteria hata wiki 5 baadaye. Wiki 5 inampitisha mtoto siku ya kuachishwa, wakati hasa ambapo angewahitaji, na katika kipindi kile tezi zake zinapofundishwa nani ni rafiki. Kama nawe unafanya hivyo, hapo ndipo pa kuanzia kubadilisha, kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Sasa cha kufanya kwa hawa 36. Zizi kwanza. Toa kinyesi chote, osha kwa sabuni hadi utelezi uishe, acha pakauke kabisa, ndipo upulizie dawa ya kuua vijidudu. Ukipulizia juu ya mavi unaosha mavi tu. Usichanganye wagonjwa na wazima, na anza kuwahudumia wazima ukimalizia kwa wagonjwa, si kinyume chake. Osha mikono na viatu, salmonela huyu anaingia kwa watu pia. Panya wa shambani humbeba na kumsambaza, watafutie dawa. Katika chakula, protini nyingi inayoteremka bila kumeng'enywa inalisha bakteria wabaya wa utumbo mpana, hivyo kwa wiki mbili zijazo mwombe anayekuchanganyia aishushe ifike kama asilimia 18, akisawazisha asidi amino muhimu, na aongeze nyuzinyuzi kidogo zisizochachuka haraka. Asidi nyepesi kwenye maji, kama ya fomiki kwa kipimo cha mtengenezaji, humpunguza salmonela utumboni. Na kundi lijalo likinyonya hadi siku 28 badala ya 24, siku nne hizo utaziona kwenye matumbo yao.

Utaulizia bakteria wa kununua, wa kwenye pakiti. Vingine vinasaidia kidogo kwa watoto waliotoka kuachishwa, lakini sioni kwamba vinarudisha kilichofyekwa. Aina moja mbili za laktobasili haziwezi kukaa mahali pa mamia. Kwa binadamu, utafiti wa 2018 ulikuta hata kwamba bakteria wa kununua waliotolewa baada ya antibiotiki walichelewesha kurudi kwa wenyeji. Na kama umesikia habari ya kuwalisha watoto kinyesi cha nguruwe mzima, katika zizi lenye salmonela usithubutu.

Walio salama sasa wahesabu kuwa wabebaji hadi watakapochinjwa. Andika tarehe ya mwisho ya dawa ya kila aliyetibiwa na usubiri siku zote zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kumpeleka. Siku ya kuchinja, mwambie mchinjaji autoe utumbo mzima pamoja na utando na tezi zake bila kuzikata, maana ukizichana salmonela aliyejificha mle anahamia kwenye kisu, na kisu kinakwenda kwenye paja.